Paka Wangu Yumo au Wamo?

Mhariri aliponiomba makala ya somo la sarufi nilitaka kuandika juu ya ngeli ya KI-VI, kwa sababu ni ngeli tulivu isiyo na ugomvi na mtu. Mlezi wa chama akakataa. Akaniambia, "Andika lile la Mtito Andei." Yeye alikuwa amekwisha kulisikia kutoka kwa wenzangu, na nadhani alitaka nanyi mpate kucheka. Haya, chekeni, lakini mkisha kucheka mshike kalamu, maana kisa hiki kina upatanisho wa kisarufi ndani yake, na upatanisho huja katika mtihani kila mwaka.

Kwanza tutengeneze maneno. Karavani ni nyumba ndogo yenye magurudumu isiyo na injini, inayofungwa nyuma ya gari na kuvutwa. Ndani huwa na vitanda, meza, jiko na kabati. Neno lenyewe asili yake ni Uajemi, ambako maana yake ilikuwa kundi la wasafiri wanaoandamana njiani. Sisi kwa maana hiyo tuna letu, msafara, lililozaliwa na safari, ambalo nalo tulilipata kwa Waarabu. Katika karne ya 19 misafara iliondoka Mombasa na Bagamoyo ikaingia bara kwa miguu, wapagazi wakienda na vitambaa na shanga na kurudi na pembe za ndovu. Ile iliyotoka Mombasa ilibidi ivuke nyika ya Taru, mahali ambapo maji ni taabu. Tazama basi: msafara umo katika ngeli ya U-I (msafara umefika, misafara imefika), na safari imo katika I-ZI (safari yangu imekwisha, safari zangu zimekwisha). Hapo hapana shida. Ukisema safari yangu, kila mtu anajua ni moja. Ukisema safari zangu, anajua ni nyingi. Mshike hilo, tutalirudia.

Mtu anayetajwa sana kuwa alianzisha mtindo wa kwenda likizo na karavani ni daktari mmoja wa Uskoti, Gordon Stables, aliyewahi kuwa tabibu katika jeshi la majini la Uingereza. Mwaka 1885 aliundiwa gari lake huko Bristol, akaliita "The Wanderer", yaani Mzururaji, likawa linavutwa na farasi wawili. Alisafiri nalo kutoka kusini mwa Uingereza hadi Inverness, kaskazini ya Uskoti. Chama cha wenye karavani cha Uingereza kiliundwa baadaye, mwaka 1907. Lililonichekesha mimi ni kwamba daktari huyu katika miaka ya 1870 alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya paka na tabia zao, lakini alipofunga safari aliandamana na mbwa mkubwa na kasuku. Labda aliwajua paka vizuri mno!

Mimi sikuwajua hivyo. Desemba mwaka 2024, mjomba wa rafiki yangu, ambaye ni fundi wa magari kule Athi River, alikuwa amenunua karavani kuukuu akaikarabati kwa miezi mitatu. Alitaka kuipeleka Kilifi aifanye mkahawa wa chai na mahamri. Akatuambia sisi vijana watatu kwamba tukikubali kuosha, kupaka rangi na kubeba, atatuchukua tukaione bahari. Nani angekataa? Mmoja wetu tunamwita Kinanda kwa kuwa haachi kuimba puani, na yule mpwa wa mjomba tunamwita Mhasibu kwa kuwa huandika kila shilingi kwenye kijitabu.

Tatizo likawa paka. Nyumbani tunao wawili, Kaniki aliye mweusi tititi na Bafta aliye mweupe. Mama alikuwa akienda mashambani kumwuguza nyanya, nyumba ifungwe. Jirani alikubali kumlisha Bafta lakini Kaniki alimkataa kabisa, ati paka mweusi ana mambo yake. Dada yangu mdogo, aliye gredi ya tatu, akaangua kilio. Mwishowe nilimwomba mjomba, mjomba akasema "Bora wasiniharibie viti," na mambo yakawa hayo. Dada yangu alipotuaga hakusema safari njema. Alisema, "Uwarudishe wote wawili." Akanyoosha vidole viwili, nisije nikasahau hesabu.

Maandalizi tuliyafanya kama inavyotakiwa, na hapa naomba muandike. Paka huugua kichaa cha mbwa kama mbwa wenyewe, kwa hiyo niliwapeleka kwa daktari wa mifugo wakachanjwa mapema. Asubuhi ya safari hawakupewa chakula kizito, maana tumbo la paka huchafuka garini kama la binadamu. Walisafiri ndani ya tenga lenye mfuniko, nikalitandika shuka yangu kuukuu ambayo hawalali pengine ila hapo. Paka hukitambua kwao kwa harufu. Ukimwona anasugua shavu kwenye mguu wa meza usidhani anajikuna, anaweka harufu yake, kama mtu anayeandika jina kwenye daftari. Kwa hiyo mtu anayemsafirisha paka na ambebee kipande cha nyumbani.

Tukapanda wote kwenye pikapu ya mjomba, yenye viti vya nyuma, karavani ikifuata. Kinanda aliomba alale ndani ya karavani njiani. Mjomba akamjibu, "Hiyo si basi." Baadaye nimesoma kwamba hata huko Uingereza, zilikojaa karavani, abiria haruhusiwi kukaa ndani yake inapovutwa, kwa sababu huyumba na inaweza kupinduka.

Bafta alilia tangu Athi River hadi Salama, akanyamaza karibu na Sultan Hamud. Kaniki hakulia. Alitoa ulimi akahema, jambo lililonitia hofu, kwani paka hahemi ovyo kama mbwa. Ukimwona hivyo jua ana joto kali au woga mkubwa. Tulimfunika tenga kwa leso, akatulia. Makindu tulikula katika hekalu la Masingasinga, ambapo wasafiri hupewa chakula bila malipo (Mhasibu aliandika sufuri kwenye kijitabu akaipigia mstari mara mbili). Saa tisa alasiri tukaingia Mtito Andei, ambayo ni karibu nusu ya njia kati ya Nairobi na Mombasa. Jua la pale nyote mnaolijua hamhitaji maelezo.

Taa za nyuma za karavani zilikuwa zimezimika. Mjomba akaifungua karavani, akaiacha pembeni mwa kituo cha mafuta, akaenda na pikapu kutafuta fundi wa umeme ng'ambo ya barabara. Sisi tulitaka soda. Nikawatoa paka kwenye tenga nikawaweka ndani ya karavani na bakuli la maji, nikafunga mlango. Kwa sababu ya joto nikafungua kidirisha cha juu, upana wa vidole viwili tu. Hapo nilikuwa sahihi kwa nusu. Gari lililofungwa juani hugeuka tanuri kwa muda mfupi, na wanyama wamekufa hivyo katika nchi nyingi. Lakini komeo la kidirisha lilikuwa la zamani kama karavani yenyewe, nami sikulijaribu.

Kulikuwa na mlinzi, mzee wa makamo, ameketi kivulini. Nilimwendea kwa adabu nikatumia Kiswahili changu cha chama.

"Shikamoo mzee. Tafadhali nichungie paka wangu."

"Sawa kijana."

Hayo tu. Maneno yangu yalikuwa sanifu kabisa, mwalimu yeyote angenipa alama zote. Tuliporudi, baada ya saa moja na zaidi, mjomba alikuwa amekwisha kuifunga karavani nyuma ya pikapu na anapiga honi. Nikamwuliza mlinzi hali ya mambo. Akasema, "Paka yako iko ndani. Imelala kwa kiti." Nikataka kuwarudisha garini, mjomba akasema jua linakwenda, waacheni humo humo, Voi si mbali. Nikapanda.

Wenzangu, sasa nitaungama jambo la aibu. Mara tu gari lilipoondoka nilianza kumcheka yule mzee. Unajua tena sisi wanachama. Nikajifanya mwalimu wa zamu. "Mmemsikia? Paka yako iko, imelala! Paka ni mnyama jamani, hukaa katika ngeli ya A-WA. Alitakiwa aseme paka wako yumo, amelala kitini." Kinanda akacheka. Nikaendelea, nikamwambia Mhasibu aweke sentensi hiyo katika wingi. Mhasibu akafikiri kidogo akasema, "Paka wako wamo, wamelala kitini. Kwa Kiswahili cha mzee ingekuwa paka zako ziko ndani, zimelala."

Nikafungua mdomo nimpe alama. Haukutoka neno.

Mzee hakusema zimelala. Alisema imelala. I, si ZI. Paka mmoja!

"Mjomba, simamisha gari!"

Mjomba alidhani gurudumu limechomoka. Alipoegesha nikakimbia nyuma nikafungua mlango. Bafta alikuwa kitini, amejikunja kama donge la pamba. Kidirisha kilikuwa wazi, komeo linaning'inia. Kaniki hayumo. Tulikuwa tumekwenda kilomita ishirini na ushei, na kulia na kushoto kwetu ilikuwa Tsavo, mbuga mbili zinazotenganishwa na barabara hiyo, Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, makazi ya simba na chui. Kuigeuza karavani kwenye barabara ya malori si mchezo. Ilibidi twende mbele zaidi hadi palipo na uwanja mpana. Mjomba hakunigombeza. Alinyamaza, na kimya kile kilinichoma kuliko matusi. Mimi niliviona vile vidole viwili tu.

Mlinzi alipotuona tumerudi alisimama. Nikamwambia paka mmoja amepotea. Akanikazia macho. "Moja? Kwani zilikuwa mbili?"

"Ndiyo mzee, nilikuambia."

"Wewe uliniambia paka wangu. Nikachungulia kwa dirisha nikaona paka, nyeupe. Kama ungesema paka zangu, si ningetafuta ya pili?"

Nilitafuta la kujibu, sikulipata, na hadi leo sijalipata. Mzee alisema kweli.

Sasa tazameni vizuri, maana hapa ndipo penye somo. Katika Kiswahili sanifu tunachofundishwa, majina ya wanyama hupatanishwa kwa ngeli ya A-WA, hata yale ambayo umbo lake halibadiliki kama paka, mbwa, ng'ombe na simba. Kitenzi hutofautisha umoja na wingi: paka amelala, paka wamelala. Kiashiria hutofautisha: paka huyu, paka hawa. Sifa hutofautisha: paka mweusi, paka weusi. Lakini kivumishi kimilikishi hakitofautishi kitu. Paka wangu amelala ni mmoja. Paka wangu wamelala ni wengi. Nomino ni ile ile na kimilikishi ni kile kile. Na sentensi yangu, "nichungie paka wangu", haikuwa na kitenzi kinachomhusu paka kama mtenda, wala kiashiria, wala sifa. Nilimwachia mzee fumbo huku nikidhani nimempa maagizo.

Ajabu ni kwamba lugha yenyewe inayo dawa, na inawapa baadhi ya nomino. Tunasema rafiki yangu amefika, rafiki zangu wamefika. Ndugu yangu, ndugu zangu. Dada yangu, dada zangu. Kitenzi kinabaki A-WA lakini kimilikishi kinachukua I-ZI, na hakuna mwalimu anayeweka kalamu nyekundu hapo. Kwa nini rafiki apewe zangu na paka anyimwe? Pwani utawasikia wenye lugha wakisema paka zangu, mbuzi zangu, bila wasiwasi. Na huku bara watu kama yule mzee husema paka yangu, paka zangu, wakavuta hata kitenzi: iko, ziko, imelala, zimelala. Hiyo ya mwisho usiiandike katika mtihani, utapata sufuri ya Makindu. Lakini tusiseme kwamba anayeongea hivyo hana sarufi. Anayo, tena siku ile sarufi yake ilikuwa na hesabu na yangu haikuwa nayo. Kilichonishtua garini ni silabi yake moja.

Ukitaka kubaki katika usanifu na bado ueleweke, ongeza neno: paka wangu wawili, hawa paka wangu, paka wangu mweusi na yule mweupe. Halina gharama. Mimi lilinigharimu mafuta ya kilomita hamsini hivi, ambayo Mhasibu aliyaandika.

Tuendelee na mtafuto, maana nao una sarufi. Nilitaka tutawanyike vichakani tukiita. Mzee akatuzuia. Akasema paka aliyeogopa haendi mbali, hujificha karibu na hajibu hata akiitwa na mwenyewe. Tungoje jua lishuke. Nimesoma baadaye nikaona ndivyo ilivyo. Paka hupenda kutembea wakati wa magharibi na alfajiri, na aliye mahali pageni hujibanza kwanza katika tundu la karibu. Basi tukangoja. Nyani walikuwa wakivuka barabara, wakubwa kama watoto wa darasa la kwanza, na kila nilipowatazama nilijiuliza paka mweusi ana ukubwa gani machoni mwao.

Saa kumi na mbili na nusu nilichukua mkebe wa omena, nikaupiga kwa kijiko kama dada yangu anavyofanya jioni nyumbani. Nikapiga nikizunguka, mzee akimulika kwa tochi. Kinanda, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa haimbi, alikuwa akisema peke yake, "Yuko wapi? Yuko wapi?" Nyuma ya banda la kuzibia panchari kulikuwa na rundo la tairi kuukuu. Mzee akamulika ndani, pakawaka macho mawili ya kijani.

"Yupo!" Kinanda akapiga kelele.

Nilimvuta kwa shingo, akanipiga makucha manne mkononi (alama ninazo), nikamtia kwenye tenga na Bafta, nikafunga mfuniko kwa kamba. "Yumo," nikasema, miguu ikinitetemeka.

Katika vitabu vyetu -ko, -po na -mo huelezwa kwa mistari mitatu ambayo sisi hukariri bila kuonja. Yuko ni mahali pasipo dhahiri au pa mbali. Yupo ni mahali mahususi, unapoweza kupaonyesha. Yumo ni ndani ya kitu. Kaniki alizipita zote tatu kwa jioni moja. Katika wingi huwa wako, wapo, wamo. Angalieni wako, maana ana pacha. Sentensi "Paka wako wako wapi?" ni sahihi kabisa, wako wa kwanza akiwa mali ya mtu na wa pili akiwa mahali. Kama ni mmoja, "Paka wako yuko wapi?" Mkiweza kuisoma hiyo sentensi ya kwanza bila kukwama, mmefika.

Mzee hakutaka pesa. Alikubali soda. Tulipokuwa tukiondoka alikuja hadi dirishani, akafunua leso juu ya tenga, akahesabu kwa kidole. "Sasa ziko mbili," akasema. Ulimi ukaniwasha kusema wako wawili. Nikasema, "Ndiyo mzee, ziko mbili. Asante sana."

Tulilala Voi, kesho yake tukapitia Mariakani na Kaloleni hadi Kilifi. Bahari niliiona, lakini hiyo ni makala nyingine. Paka hawakupanda tena karavani inapokwenda, na hili naliweka pia kama funzo la usafiri, kwani hata kidirisha kingefungwa barabara, nyuma kule hutupwatupwa na hakuna mtu wa kuwaona.

Zoezi. Andikeni sentensi hizi katika wingi, kisha mseme ni zipi ambazo kimilikishi pekee kinatosha kumwonyesha msomaji kwamba ni wingi: Rafiki yangu yumo garini. Mbwa wangu yupo mlangoni. Safari yangu imeharibika. Paka wako mweusi yuko wapi? Halafu tungeni ujumbe wa maneno yasiyozidi kumi, kwa Kiswahili sanifu, wa kumwachia mlinzi paka wawili. Majibu yaletwe kwa katibu wa chama kabla ya wiki ya mitihani. Dada yangu amekwisha kuleta lake. Ameandika, "Wako wawili. Mmoja mweusi. Funga dirisha."